Ibada ya Nyumbani ya Robo Saa: Mwongozo Kamili kwa Familia ya Kikristo

Ugali ukishasongwa hausubiri mtu. Ukiweka ibada ya familia baada ya chakula, watoto wadogo watakuwa wamelala kwenye makochi. Ukiiweka kati ya kusonga na kula, kila jicho litakuwa kwenye sahani. Mahali pake ni pale mboga inapokaribia kuiva na maji ya ugali bado hayajabandikwa. Mpishi anapunguza moto, anakuja sebuleni na kanga yake ya jikoni, robo saa inapita, watu wanasema "Amina", naye anarudi kusonga. Tunaanza na jambo hili la jikoni kwa sababu ibada za nyumbani hufa kwa mambo ya namna hii kuliko kwa upungufu wa imani: saa isiyofaa, sala ndefu, na tabia ya kuligeuza Neno la Mungu kuwa fimbo ya kumchapia mtoto aliyekosa mchana.

Hatua zinazofuata zimepangwa kwa nyumba ya kawaida ya mjini au kijijini: baba na mama, au mzazi mmoja, au bibi na wajukuu, pamoja na dada wa kazi na mgeni aliyefika kwa wiki mbili akakaa miezi sita.

Wiki moja kabla: wazazi kwanza

Msiwatangazie watoto chochote bado. Kwa siku 7 baba na mama wasali wawili tu, usiku, dakika 3 hadi 5, kabla ya kulala. Kila mmoja aombe kwa sauti, amwombee mwenzake jambo moja lenye jina: kazi, mgongo unaouma, deni la ada. Kwa wengi hatua hii ni ngumu kuliko zote. Kuna watu waliofunga ndoa miaka 15 iliyopita, wote wawili wanaimba kwaya, na hawajawahi kusali pamoja wakiwa peke yao. Petro anawaonya waume waishi na wake zao kwa akili na kuwaheshimu, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe (1 Petro 3:7). Kama mmenuniana, sala itakwama kooni, na watoto watajua hata kama hamjasema neno. Watoto wa nyumba yoyote huisoma hewa ya sebuleni kabla hawajajua kusoma herufi.

Katika siku hizo 7 kubalianeni mambo manne: saa, nani ataongoza siku gani, kitabu gani cha Biblia mtaanza nacho, na kwamba hakuna kesi yoyote itakayosikilizwa wakati wa ibada. Hili la nne ndilo mhimili, tutalirudia.

Nyumba ya mzazi mmoja haipungukiwi kitu hapa. Paulo anapoitafuta asili ya imani ya Timotheo anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Baba hatajwi katika mstari huo. Mama aliye peke yake atumie zile siku 7 kusali na ndugu mmoja wa kanisani anayemwamini, hata kwa simu.

Saa, mahali, vifaa

Kwa nyumba nyingi za Tanzania saa 1:30 usiku inafaa: watoto wameoga, mboga iko jikoni, na anayetaka taarifa ya habari ya saa 2:00 hajaikosa. Kama baba hufika saa 3:00 kwa sababu ya foleni, msimngoje. Mama aongoze, na baba apewe ibada ya asubuhi ya Jumamosi. Ibada inayomngoja mtu mmoja hufa siku atakaposafiri.

Asubuhi inawezekana pia, saa 11:30 kabla ya magari ya shule, lakini iwe ya dakika 5 tu: zaburi fupi na sala moja. Kuamsha watoto saa 10 alfajiri kwa ajili ya maombi ya saa nzima huwafundisha kuuogopa mlio wa kengele.

Kaeni kwa duara, chini kwenye mkeka ikiwezekana. Makochi yanawapandisha wakubwa na kuwashusha wadogo. Mkeka unawalinganisha wote. Televisheni izimwe kabisa, isipunguzwe sauti tu, maana picha inayocheza bila sauti huvuta macho vilevile. Simu zote ziwekwe juu ya kabati, za wazazi zikiwa za kwanza.

Vifaa ni hivi: Biblia ya karatasi, kitabu cha nyimbo cha kanisa lenu, daftari moja na kalamu, na taa ya chaji kwa siku umeme unapokatika. Tumesema ya karatasi kwa sababu anayesoma kwenye simu atapokea ujumbe katikati ya mstari, na mtoto aliye pembeni yake ataona kwamba hata Neno linaweza kukatizwa na mtu anayedai hela. Kama mna Biblia mbili za tafsiri tofauti, vizuri zaidi. Ile ya Union Version ya mwaka 1952 ina Kiswahili kizito na kitamu ambacho watoto wa leo hawakielewi chote. Ya Kiswahili chepesi ikae karibu kwa ajili ya kuulizia.

Robo saa inavyogawanywa

Wimbo dakika 3. Somo dakika 3. Maswali dakika 4. Sala dakika 5. Jumla 15, basi. Mtoto mmoja wa miaka 8 hadi 12 apewe saa ya mkononi na mamlaka ya kusema "muda" kila kipande kinapoisha, na wazazi wamtii. Kwa wiki ya kwanza mtaona jinsi wakubwa wanavyovunja muda kuliko watoto.

Wimbo uwe mmoja kwa wiki nzima, ubeti wa kwanza na kiitikio. Kufikia Ijumaa hata aliye na miaka 3 anaujua. Anayeanzisha awe yule asiyeanzia juu. Wimbo ukianzishwa juu mno, kufikia kiitikio baba amenyamaza na watoto wanacheka. Msitafute nyimbo mpya kila siku wala msigeuze zoezi hili kuwa mazoezi ya kwaya.

Kila mtu anayelala nyumbani humo anaalikwa, dada wa kazi akiwa wa kwanza. Haina maana familia isome habari za upendo huku binti wa watu anaosha vyombo uani. Kama yeye ni Mwislamu au wa dhehebu lingine, mwalike, asilazimishwe, na asipewe kazi ya kelele wakati huo, apumzike.

Msome nini

Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16, ni fupi kuliko Injili nyingine tatu, na inaingia kwenye tukio mara moja. Mathayo inafungua na mistari 17 ya majina ya vizazi, na mtoto wa darasa la tatu akikwama kwenye "Yekonia" siku ya kwanza hataomba kusoma tena. Marko ina mistari 678. Mkisoma wastani wa mistari 12 kwa jioni, jioni 5 kwa wiki, mtaimaliza kwa wiki 11 au 12. Wiki ya kwanza igawanyeni hivi: Jumatatu 1:1–8, Jumanne 1:9–13, Jumatano 1:14–20, Alhamisi 1:21–28, Ijumaa 1:29–39. Baada ya hapo fuateni mwisho wa tukio, si idadi ya mistari. Sura ya 5, kwa mfano, binti wa Yairo na mwanamke aliyetokwa na damu wamefungwa pamoja kuanzia mstari wa 21 hadi 43. Someni 21–34 jioni moja na mwache watoto walale wakijiuliza binti atapona au la. 35–43 isubiri kesho. Watakukumbusha wenyewe.

Kuchinjwa kwa Yohana Mbatizaji (6:14–29) msimulieni kwa kifupi mtoto wa chini ya miaka 6. Sura ya 13 ni ngumu. Isomeni kwa jioni mbili bila kuanza kubashiri tarehe. Sura ya 15, msalaba, igawanyeni polepole katika jioni nne. Hapo ndipo penye kiini cha yote, na familia nyingi hupapita mbio kwa kuwa hufikiri wanapajua.

Baada ya Marko: Ruthu (sura 4), kisha Yakobo (sura 5), kisha Yona (sura 4), kisha Zaburi 120 hadi 134, zile za kupanda mlima, moja kwa jioni. Ruthu inafaa sana nyumba yenye mkwe ndani, maana ni habari ya mkamwana na mama mkwe walioshikana pasipo kitu mkononi. Mithali ina sura 31, na watu wengi hupenda kusoma sura moja kwa kila tarehe ya mwezi. Ni mpango mzuri kwa mtu mzima asomaye peke yake. Kwa ibada ya watoto sura nzima ni ndefu na haina hadithi. Chagueni mistari 3. Na jioni ya kwanza asije mtu akafungua Zaburi 119, ina mistari 176.

Asomaye awe kila mtoto anayeweza kusoma, kwa zamu. Akikosea neno, asahihishwe mara moja tu, kwa sauti ya chini, na aendelee. Mzazi anayemkatiza mtoto mara tano katika mistari kumi anamfundisha hofu, si Biblia.

Maswali matatu

Hapa ndipo ibada nyingi hupoteza njia. Baba anafunga Biblia, anakohoa, anaanza kuhubiri. Msihubiri. Ulizeni maswali matatu, yale yale kila jioni: Nini kimetokea? Tumeona nini kuhusu Yesu, au kuhusu Mungu? Kesho tufanye nini?

Tuchukue Marko 4:35–41, dhoruba ya ziwani. Union Version inasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Uliza swali la kwanza: "Yesu alikuwa wapi?" Mtoto atajibu, "Amelala juu ya mto," na ukimchunguza utagundua anaona mto wa maji unaotiririka, na Yesu juu yake. Usicheke. Leta mto wa kulalia kutoka chumbani, uweke katikati ya mkeka. Kisha shetri: mvuvi wa Kilwa au Lamu hahitaji kuelezwa, lakini mtoto wa Dodoma hajawahi kuisikia. Ni sehemu ya nyuma ya chombo. Mpe mmoja aketi nyuma ya mkeka na mto wake, wengine watikise mkeka pande zote. Dakika moja imetosha, na hakuna atakayesahau kwamba mawimbi yalikuwa yanaingia chomboni na Bwana amelala.

Swali la pili: wanafunzi wanamwamsha kwa lawama, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Yeye anaukemea upepo, anaiambia bahari, "Nyamaza, utulie." Mwache mtoto aseme kwa maneno yake. Mmoja atasema Yesu ana nguvu. Mwingine, mara nyingi yule mkimya, atauliza kwa nini alilala. Jibu la kweli ni kwamba alikuwa amechoka. Tangu mchana alikuwa akifundisha umati kutoka ndani ya chombo. Mtoto akiuliza jambo usilolijua, sema "sijui, tutamwuliza mchungaji Jumapili" au "tutamwuliza katekista", liandike kwenye daftari, na mwulize kweli.

Swali la tatu liwe na jibu linaloweza kuonekana kesho jioni. "Tumwamini Mungu" ni kweli lakini halionekani. "Kesho kabla ya mtihani wa hesabu nitasali sentensi moja" linaonekana. "Nikigombana na kaka nitanyamaza kwanza" linaonekana. Kila mtu jambo moja, na mzazi ataje la kwake pia. Jioni inayofuata anzeni na swali fupi: jana tulisema nini, imekuwaje? Aliyeshindwa asifokewe. Ukuaji wa kiroho nyumbani unapimika hapa, kwenye mambo madogo yanayotajwa na kurudiwa, kuliko kwa wingi wa mikesha.

Sala, na daftari lenu

Kila mtu asali sentensi moja au mbili. Baba pia. Sala ya dakika 12 inayozunguka kutoka serikalini hadi kwa wamisionari ina mahali pake, na si hapa. Mfundisheni mtoto mpangilio mwepesi: asante kwa jambo moja, samahani kwa jambo moja, naomba jambo moja. Mtoto asiyetaka kusali kwa sauti aseme "napita", na asiulizwe kwa nini.

Kwenye daftari chora safu tatu: tarehe, ombi, kilichotokea. Andikeni maombi yasiyozidi 3 kwa wiki. Yawe ya wazi: "Mjomba apate kibali cha kazi", "kikohozi cha bibi". Kila Jumapili fungueni daftari na kujaza safu ya tatu. Andikeni ukweli. Kama ombi halijajibiwa, andikeni "bado". Kama limejibiwa kinyume, andikeni hivyo. Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto akiona "bibi alifariki" imani itavunjika. Kinachovunja imani ya mtoto ni kuona wakubwa wanajifanya hawakuomba.

Ombeeni pia familia moja ya nje kila wiki, ikitajwa kwa jina: jirani, mgonjwa, mtu aliyewaudhi.

Malizieni kwa Sala ya Bwana. Hapa nyumba zenye madhehebu mawili hujikwaa kila jioni bila kulisema: Mkatoliki anasema "mkate wetu" na "utuopoe maovuni" kisha anasimama, Mlutheri au Mwanglikana anasema "riziki yetu" na "utuokoe na yule mwovu", kisha anaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Watoto wanabaki wakiangaliana. Amueni: wiki hii ya mama, wiki ijayo ya baba, wote wakisema maneno yale yale hadi mwisho. Mambo mnayotofautiana kweli, kama ubatizo wa watoto, rozari au siku ya Sabato, yasiletwe kwenye mkeka. Wazazi wayazungumze chumbani, na ikibidi kila mmoja amwone kiongozi wake wa kanisa. Watoto waone kwamba baba na mama wote wanamkiri Kristo mmoja.

Kesi zipelekwe Jumamosi

Mambo yanayowagombanisha watu wa nyumba moja yanahitaji mahali pake. Yasipopewa mahali, yatavamia ibada: mama atasoma "waheshimu baba yako na mama yako" huku akimwangalia mmoja, baba ataomba "Bwana, wasaidie wanaorudi nyumbani saa nne usiku". Hiyo ni masengenyo yaliyofumbwa macho. Paulo anawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (Wakolosai 3:21), na hakuna uchokozi mkali kama wa kusemwa mbele za Mungu mtu asipoweza kujibu.

Kwa hiyo fanyeni kikao cha nusu saa kila Jumamosi, baada ya kufua na kabla ya chakula cha mchana. Wote waketi. Kila mtu ana nafasi mbili: kushukuru jambo moja mwenzake alilofanya wiki hii, na kusema jambo moja lililomuumiza. Shukrani zitangulie, zote, duara zima. Kisha maumivu. Anayesema atumie jambo, siku na namna lilivyomuumiza: "Baba, Jumanne uliniita mjinga mbele ya wenzangu, niliona aibu kwenda shule." Asiseme "wewe kila siku". Anayesemwa haruhusiwi kujitetea mpaka arudie kwanza alichosikia: "Unasema nilikuita mjinga na uliona aibu." Mara nyingi kesi huishia hapo.

Jambo la watu wawili lisianzie kwenye kikao. Mathayo 18:15 inasema nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Likishindikana, ndipo lije Jumamosi. Mambo ya ndani ya ndoa hayaji kabisa mbele ya watoto.

Sasa msamaha. Kiswahili kina maneno mawili yanayofanana mdomoni na kutofautiana sana moyoni: "yaishe" na "nimekusamehe". "Basi, yaishe" hukata kelele. Mtu anaweza kuyasema akiwa bado ameshika deni, na mwezi ujao akayarudisha yote na riba. Msamaha una sehemu nne, na zifundisheni kwa maneno haya haya:

1. Taja kosa: "Nilikuita mjinga mbele ya wenzako."
2. Likubali bila "lakini" na bila "kama": "Nilikosea." Sentensi ya "kama nimekukosea" haikubali kitu.
3. Omba: "Nisamehe, mwanangu."
4. Rekebisha: "Jumatatu nitawaambia wenzako kwamba nilikosea."

Anayejibu aseme "nimekusamehe, baba", siyo "haina shida". Kama hayuko tayari, aseme "nipe siku mbili", na apewe. Msamaha wa kulazimishwa mbele ya watu wote huwa ni "yaishe" iliyovaa joho. Waefeso 4:26 inaweka mpaka wa jua lisichwe mtu akiwa bado na uchungu, na wazazi wauchukue mpaka huo wao kwanza kabla ya kumbana mtoto.

Mzazi kumwomba mtoto msamaha huonekana kwa wengine kama kujishusha hadhi. Heshima haipungui, shikamoo itaendelea kutolewa kesho asubuhi kama kawaida. Ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulikuwa na tabia hii hasa: watu walikiri mambo yenye majina, wakubwa kwa wadogo, wakaita hilo kutembea nuruni. Ulikuwa pia na kasoro yake, maungamo ya hadharani yakageuka wakati mwingine kuwa maonyesho. Ndiyo maana nusu saa inatosha, na yanayosemwa kwenye kikao hayatoki nje ya mlango, wala kwa shangazi wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kuna jambo moja lisilosuluhishwa kwa kikao. Kipigo, vitisho na kuguswa mtoto kwa namna isiyofaa si "tofauti za familia", na kumwambia anayepigwa avumilie kwa kuwa "Mungu anachukia kuachana" ni kulitumia Neno kumlinda mkosaji. Anayeumizwa aondolewe mahali pa hatari kwanza. Tanzania na Kenya zina simu ya bure ya kusaidia watoto, 116, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mchungaji au padre aarifiwe, lakini asiwe mbadala wa hayo.

Sadaka, kwa ufupi

Fedha ya kanisa huleta ugomvi mwingi Jumapili asubuhi. Jumamosi kwenye kikao wekeni mezani kiasi cha sadaka, fungu la kumi kama ndilo mlilokubaliana, na mchango wa ujenzi. Ahadi yoyote inayozidi kiasi mlichokubaliana isitolewe madhabahuni na mmoja bila mwenzake kujua, hata mhubiri akichemka vipi. Watoto wapewe sadaka yao tangu Jumamosi jioni, waigawe wenyewe kutoka kwenye kibubu, badala ya kutupiwa sarafu wakiwa tayari kwenye benchi.

Yanayokwama

Kijana wa miaka 15 ataanza kuchelewa kuoga ifikapo saa 1:25. Msimvute kwa nguvu wala kumpigia mahubiri. Mpeni kazi: jioni mbili kwa wiki aongoze yeye, achague wimbo na aulize maswali. Akiuliza maswali magumu kuhusu Mungu, ni dalili kwamba anasikiliza. Swali likimzidi mzazi, atafutiwe kijana mkubwa wa kanisani wa kuzungumza naye faraghani.

Mwenzi asiyeamini, au aliyechoka na kanisa: mwalike mara moja kwa upole, kisha umwache. 1 Petro 3:1 inasema habari ya kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo. Ibada ifanyike fupi zaidi, dakika 10, na isiwe kisingizio cha kuchelewesha chakula chake. Usimwombee kwa sauti mbele ya watoto ili asikie kupitia ukutani.

Aliye safarini, au anayefanya kazi Muscat au Doha: apigiwe simu jioni mbili tu kwa wiki, spika ikiwa wazi, naye asome kipande cha siku hiyo. Angalieni tofauti ya saa. Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa 1, Qatar iko sawa na Tanzania. Mtoto wa bweni apewe ile ratiba ya kusoma kwenye karatasi, ili Jumatano usiku ajue nyumbani wanasoma wapi.

Wageni wakiwapo, ibada iendelee bila kurefushwa. Mgeni akipewa "neno" atalitumia kwa dakika 40. Mpeni sala ya kufunga. Nyumbani kukiwa na msiba, acheni mpango wa Marko, someni zaburi moja kwa siku, na maswali yaachwe. Umeme ukikatika, msiwashe taa mara moja: imbeni kwanza gizani.

Ibada hii haichukui nafasi ya kanisa. Mnaosali katika Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, au katika jumuiya za mtaa za Kilutheri, siku ya jumuiya iwe ndiyo ibada yenu, msirudie nyumbani. Jumapili vilevile hakuna ibada ya jioni, kuna lile daftari tu na swali moja mkiwa mnakula: leo mmesikia nini?

Na mtakosa siku. Mtakosa wiki nzima, kwa mtihani wa taifa, kwa malaria, kwa uchovu. Msifidie siku zilizopita, maana sura tano kwa jioni moja huwarudisha mlikotoka. Tafuteni alama mliyoacha kwenye Marko, mfungue hapo, na muanze na wimbo ule ule wa wiki iliyokatika.